Shule inawapeleka watoto Alton Towers, nami sijasahau ile ajali ya 2015. Nimruhusu?

Mama Nasri, Coventry

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa wenye uzoefu na haya mambo.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Shule yao imetuma fomu ya ziara ya kumaliza mwaka wa masomo: Alton Towers, ile bustani kubwa ya michezo hapa Uingereza, siku nzima, wanakwenda kwa basi na walimu. Tangu fomu ifike nyumba haina utulivu. Kila jioni ananionyesha video za rola kosta (treni ya mchezo ya kasi) moja inaitwa Smiler, ile yenye kupindua watu kichwa chini mara 14. Kipimo cha kuipanda ni sentimita 140, na amekwisha jipima kwenye fremu ya mlango kwa penseli, akaweka alama tatu ili nisiseme amekosea.

Sasa mimi Juni 2015 nilikuwa nimeshafika nchi hii. Nakumbuka ile picha ya treni imening'inia imeinama, watu wamebanwa viti vya mbele, saa zinapita na bado hawajashushwa. Wasichana wawili walikatwa mguu. Na ni mchezo ule ule, haukuvunjwa, waliufungua tena mwaka uliofuata.

Baba yake anasema namtia mtoto woga. Mama yangu Tanga nilipomweleza kwa simu alisema nisithubutu kumfunga mjukuu wake kwenye chuma halafu wamzungushe. Mimi niko katikati. Sitaki kumnyima mtoto kitu ambacho darasa zima wanakwenda, lakini sitaki kutia saini kwa sababu ya kuona haya tu.

Ninachotaka kujua: ile ajali ilikuwa mashine au watu? Na hizi mashine nani anazikagua? Kuna swali lolote la maana mzazi anaweza kuiuliza shule?

Dulla wa Leicester

Dada mruhusu mtoto. Nimekwenda pale na vijana wangu na wadogo zangu waliotoka Morogoro, tumepanda kila kitu, tumerudi salama. Mimi kama ni kuomba dua ningeiombea barabara, maana basi litapita njia kuu asubuhi na jioni na watoto wamechoka. Pale ndani wanafuata taratibu kweli kweli. Hata simu ya mkononi hawakuruhusu uishike.

Mzee wa Pangani

Binti yangu, wazee walisema ajali haina kinga. Mtu huteleza chooni kwake akaondoka duniani. Iliyoandikwa imeandikwa, iwe ni mashine, iwe ni ngazi ya nyumbani. Msomee mwanao dua, mwache aende, usiishi na hofu. Hizo habari za 2015 unajitesa nazo bure.

Fundi wa Likoni

Mama Nasri, salaam dadangu. Mzee wa Pangani, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, na riziki yangu iko huku Ghuba kwenye bustani kubwa ya michezo. Nilianza kama opareta, yule anayepita kushusha vyuma vya kifua, vile vinavyomshika mtu kitini, na kubonyeza kitufe cha kuondoka. Sasa niko upande wa mafundi. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya na Uganda wako kwenye kazi hii, kwa hiyo humu huenda wamo wengine wataniongezea. Ajali ya Smiler tulifundishwa darasani hatua kwa hatua. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu jibu la maswali yako yote limo humo.

Mzee wangu, kwa adabu zote, ajali hii kinga ilikuwa nayo. Tena siku ile kinga ilifanya kazi yake sawasawa.

Reli ya rola kosta kubwa imegawanywa vipande vipande, na kompyuta inashika sheria moja: kipande kimoja, treni moja. Treni ya nyuma haipewi njia mpaka ya mbele imekwisha toka kwenye kipande kinachofuata. Isipotoka, ya nyuma inashikwa na breki, au inasimamishwa juu ya mlima kabla haijaachiwa kushuka. Sheria hii haijali opareta amechoka au yuko macho. Ndiyo maana mtu wa kazi hii akisikia treni mbili zimegongana, swali lake la kwanza huwa: nani aliingilia kompyuta?

Tarehe 2 Juni 2015 mchezo ulipata hitilafu, mafundi wakaitwa. Siku hiyo hiyo treni ya tano ilikuwa imeongezwa kwenye reli, na mafundi waliokuwa wakishughulikia hitilafu hawakujua. Hesabu yao kichwani ilikuwa treni nne. Ikatumwa treni tupu ya majaribio, ikashindwa kupanda mzunguko mmojawapo, ikarudi nyuma na kukwama bondeni. Upepo nao ulikuwa mkali. Mtengenezaji aliweka mwisho wa maili 34 kwa saa, na siku ile ulikadiriwa kupita 40.

Kisha ikatumwa treni yenye watu 16. Ikapanda mlima wa kwanza, na kule juu kompyuta ikaisimamisha. Ilikuwa inasema: mbele yenu kuna treni. Mafundi wakaangalia kwa macho, wakahesabu zile nne zao, wakaona hakuna kitu. Wakaamini kompyuta ndiyo imekosea. Wakaivuka kwa mkono, yaani wakaupuuza uamuzi wake, treni ikaachiwa, ikaenda kuigonga ile tupu iliyokwama.

Mahakamani mgongano ule ulilinganishwa na gari la tani moja na nusu lililogonga kwa kasi ya maili 90 kwa saa. Watu walikaa juu pale kwa muda wa zaidi ya saa 4 kabla hawajatolewa wote, kwa sababu treni ilikuwa imeinama mahali pasipo na ngazi wala jukwaa la kumfikia majeruhi. Septemba 2016 mahakama ya Stafford iliitoza kampuni inayomiliki bustani, Merlin, faini ya pauni milioni 5. Na hili dada ulishike: lawama kubwa haikuwekwa juu ya wale mafundi. Iliwekwa juu ya kampuni, kwa sababu haikuwa na utaratibu unaoeleweka wa nini kifanyike treni ikisimama namna ile, nani ahakikishe reli ni tupu, na nani mwenye mamlaka ya kusema kompyuta ivukwe. Fundi aliachwa peke yake na foleni ya watu na akili yake.

Kwa hiyo swali lako, mashine au watu: mashine ilisema kweli, watu hawakuisikiliza, na waliowaweka watu wale kazini hawakuwajengea njia ya kuisikiliza.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu si Smiler peke yake. Australia, kwenye bustani ya Dreamworld, Oktoba 2016, kulikuwa na mchezo wa vyelezo vya duara vinavyoelea kwenye mto wa kutengenezwa, mchezo wa kifamilia kabisa, hauna hata kasi. Maji yanasukumwa na pampu kubwa. Pampu moja ikazimika, na ilikuwa mara ya tatu siku hiyo hiyo. Mara mbili za kwanza waliiwasha wakaendelea. Ikizimika, maji yanashuka haraka sana, na chelezo kikakaa juu ya vyuma mwisho wa njia. Mkanda wa kupandishia vyelezo haukusimama, ukaleta kingine chenye watu nyuma yake. Wanne walifariki. Watoto wawili waliokuwa nao walinusurika. Hapakuwa na sensa, yaani kifaa cha kuhisi, ya kupima maji ili mkanda usimame wenyewe. Na kilichonikaa moyoni zaidi ni opareta wa pili, binti aliyekuwa siku yake ya kwanza kwenye mchezo ule. Karibu yake kulikuwa na kitufe ambacho kingeusimamisha mkanda ndani ya sekunde 2. Hakuwa amefundishwa kinafanya nini hasa. Nilipokuwa opareta mgeni niliwahi kusimama kwenye jukwaa nisijue kitufe cha pembeni ni cha nini, na nilipouliza nikaambiwa nitajua baadaye. Kwa hiyo yule binti simlaumu hata kidogo.

Orlando, Marekani, Machi 2022, kijana wa miaka 14 aliponyoka kwenye mnara wa kuangusha watu. Uchunguzi ulionyesha sensa ya kiti chake ilikuwa imerekebishwa kwa mkono ili ikubali chuma cha kifua kikiwa kimeachia nafasi kubwa kuliko inavyotakiwa. Alikuwa mtoto mwenye mwili mkubwa, amezidi uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Taa ikawaka kijani. Opareta aliyeiona ile taa alikuwa na haki ya kuiamini, lakini kuna mtu aliifundisha kudanganya.

Sasa nikuambie ninavyotazama mchezo nikienda likizo na wanangu. Sitazami rangi wala urefu. Natazama kinachotokea mchezo ukisimama. Rola kosta kusimama juu mlimani ni jambo la kawaida kabisa. Kofia imeanguka relini, mtu amefungua mkanda kupiga picha, sensa imeona kitu haikielewi. Watu wanapiga video wanaandika mtandaoni "hofu yatanda". Kwa sisi hiyo ni siku njema, mashine imekataa kwenda mpaka ihakikishe. Hatari inaanza dakika ya kumi ya kusimama, pale foleni inapoanza kupiga kelele, meneja wa zamu anapiga simu kila baada ya muda mfupi, na fundi anaanza kutafuta sababu ya kusema "ni sensa tu".

Nimeyaona haya. Mahali nilipofanya kazi zamani, sensa ya kifunga kiti kimoja ilikuwa inakuja na kupotea. Mkubwa wa zamu akataka kiti kizibwe, mchezo uendelee, jua limezama na ndiyo saa watu wanamiminika. Fundi wetu mkuu alikuwa mzee wa Kerala, India, mpole, haongei sana. Alikwenda kwenye swichi kubwa ya umeme, akazima, akatia kufuli lake lenye kadi ya picha yake, funguo akaitia mfukoni. Basi. Kwenye kazi yetu kufuli la mtu halifunguliwi na mwingine, hata awe mkurugenzi. Tulifungua kile kiti mpaka usiku. Tukakuta waya umesuguliwa na kingo ya bati, ngozi ya plastiki imeisha mahali padogo kama punje ya mchele. Kifunga chenyewe kilikuwa kizima, hakuna ambaye angeanguka usiku ule. Mkubwa alikasirika sana, akasema tumepoteza jioni nzima kwa ajili ya waya. Mimi mpaka leo nasema yule mzee alifanya sawa, maana kabla ya kufungua hakuna aliyekuwa anajua kuwa ni waya.

Kuhusu Alton Towers yenyewe: baada ya ajali waliongeza ngazi za ruhusa, kazi fulani za mafundi zinazogusa usalama hazifanyiki tena mpaka wakubwa waidhinishe. Smiler ilifunguliwa Machi 2016. Binafsi ningempandisha mwanangu.

Mama Nasri, Coventry

Kaka Fundi, Mungu akulipe. Nimesoma mara mbili, na baba yake nimemsomea kwa sauti. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kompyuta ilikataa. Magazeti niliyosoma wakati ule yalikuwa na picha tu.

Niseme ukweli, bado moyo haujatulia kwenye jambo moja. Umesema taa ya kijani inaweza kufundishwa kudanganya. Sasa mtoto wangu atajuaje? Yeye akikaa kwenye kiti atafungwa, atapiga kelele kwa furaha, hatatazama chochote. Na huku ukaguzi ni wa serikali au wanajikagua wenyewe?

Fundi wa Likoni

Dada, swali zuri, na mtoto wa miaka 13 unaweza kumfundisha mambo mawili matatu akayashika.

Chuma cha kifua kikishuka, akivute mwenyewe kifike mwilini, akae mgongo umegusa kiti. Watoto wana tabia ya kutunisha kifua au kujisogeza mbele ili kibaki na nafasi, wanaona kinabana. Asifanye hivyo. Opareta akipita atakisukuma chini kisha atakivuta juu. Mikono miwili, kusukuma na kuvuta, kila kiti, hata kama kompyuta imeshasema sawa. Ukimwona opareta anagusa gusa tu kwa ncha za vidole huku anaongea na mwenzake, hapo mtoto ana haki ya kusema "naomba uangalie changu tena". Hakuna opareta wa maana atakayekasirika. Mimi nilikuwa nafurahi mtu akiniambia, maana baada ya saa kadhaa za kusema maneno yale yale kwa mamia ya watu, macho yanaona na akili haioni.

Tena akishahisi kiko huru kupita kawaida, apaze sauti kabla treni haijatoka kituoni. Kwenye michezo mingi mikubwa treni haiondoki kwa kidole cha mtu mmoja. Wale wa jukwaani wanashikilia vitufe vyao, na wa kwenye paneli anabonyeza chake kwa wakati mmoja. Mmoja akiachia, treni haitoki. Kwa hiyo kelele yake inasikika na inafanya kazi.

Urefu asidanganye. Sentimita 140 imewekwa kwa sababu chuma kinashika mabega na nyonga za mtu wa kimo fulani. Soksi mbili na viatu vya soli nene havimwongezei mabega. Kama alama zake tatu za penseli zimepita, alhamdulillahi, kama hazijapita aende Wicker Man. Ile ni rola kosta ya mbao, kimo cha kuipanda ni sentimita 120, na inapendeza sana.

Ukaguzi wa Uingereza uko hivi. Msimamizi wa sheria ni HSE, mamlaka ya serikali ya afya na usalama kazini, ndiyo iliyoipeleka Merlin mahakamani. Kisha kuna mpango wa ukaguzi unaoitwa ADIPS, ambapo mkaguzi aliyesajiliwa, asiyekuwa mwajiriwa wa kuendesha mchezo huo, anaukagua mchezo kila mwaka na kutoa cheti. Mchezo bila cheti hicho haupaswi kubeba watu. Juu ya hapo kila asubuhi mafundi wenyewe wanatembea kwenye reli na kuzungusha treni tupu kabla milango haijafunguliwa. Nakwambia kama fundi, ile ya asubuhi ndiyo yenye uzito zaidi. Cheti cha mwaka hakijui kilichotokea jana usiku.

Na cheti kina mipaka yake. Ohio, Marekani, Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo, kulikuwa na mchezo unaoitwa Fire Ball, wa bembea kubwa inayoning'inia na kuzunguka. Ulikaguliwa na kupitishwa, ukafunguliwa, na siku ile ile mkono mmoja ukakatika hewani. Kijana wa miaka 18 alifariki na wengine 7 wakajeruhiwa. Mtengenezaji alieleza baadaye kwamba kutu ilikuwa imeula mkono ule kwa ndani, ukuta wa chuma umekuwa mwembamba, nje rangi inang'aa. Osaka, Japani, 2007, ekseli (mhimili wa magurudumu) ya rola kosta ilikatika, binti wa miaka 19 akafariki. Ekseli ile haikuwahi kubadilishwa kwa miaka 15. Vitu kama hivi havionekani kwa macho ya mkaguzi anayetembea na tochi. Inatakiwa vipimo vya kusoma ndani ya chuma, na inatakiwa daftari linaloonyesha kifaa kimefanya kazi miaka mingapi. Bustani kubwa za kudumu zina karakana za kuifanya kazi hiyo wakati wa baridi milango imefungwa. Ya kuhamahama, inayofungwa na kufunguliwa kila wiki kwenye uwanja mpya, naiangalia kwa jicho kali zaidi.

Shule usiwaulize kama kuna hatari, watakujibu wamejaza fomu yao. Waulize mambo yanayoshikika: walimu wangapi, watoto wataruhusiwa kuzunguka wenyewe kwa makundi au la, kuna mahali gani pa kukutania mtu akipotea au akiumia, na mtoto akigoma mlangoni nani anakaa naye ili wenzake wasimburute. Hilo la mwisho watu hulidharau. Mtoto aliyesukumwa na marafiki kupanda kitu asichokitaka ndiye anayejinyonganyonga kutafuta kutoka katikati ya safari. Nimewashusha wengi kituoni wanalia, na kila mara niliwatoa kwa mlango wa nyuma ili wasipite mbele ya wenzao.

Mzee wa Pangani

Marahaba Fundi. Nimesoma yote. Kumbe walikiondoa kizuizi kwa mikono yao. Mimi nilidhani chuma kilikatika tu, kama vyuma vikatikavyo. Hapo methali yangu sikuiweka mahali pake. Sisi nasi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutawakali.

Shangazi wa Temeke

Naomba nidandie hapa hapa maana nimeona kuna fundi wa kweli. Sisi Dar hatuna Smiler, lakini watoto wana bembea za Sabasaba, na kila sikukuu ya Iddi viwanja vinajaa mabembea ya kuzunguka na yale maputo makubwa ya kurukia. Mwezi ujao nina maulidi ya familia Kigamboni, uwanja uko wazi karibu na bahari, na wifi yangu ameshalipia puto la kurukia, lile kama ngome, la watoto ishirini. Mwenye nalo anasema analifunga kwenye mnazi na mifuko ya mchanga. Baada ya kusoma haya nimeingiwa na wasiwasi. Au puto ni kitu cha kitoto tu, halina madhara?

Fundi wa Likoni

Shangazi, shikamoo. Afadhali umeuliza. Mimi puto linanitisha kuliko rola kosta, kwa sababu rola kosta ina kompyuta, mkaguzi na kufuli. Puto lina kijana mmoja aliyelala chini ya mti na jenereta.

Ngome ile ikijaa hewa ni tanga. Uingereza, mji wa Harlow, Machi 2016, upepo uliinua moja yenye mtoto wa miaka 7 ndani ukaibeba mbali uwanjani. Mtoto alifariki, na watu wawili waliokuwa wakiendesha biashara ile walifungwa miaka 3 kila mmoja. Tasmania, Australia, Desemba 2021, sherehe ya kufunga shule ya msingi, kimbunga kidogo cha vumbi kikapita uwanjani na kulinyanyua. Watoto 6 walifariki. Puto lile lilikuwa na sehemu 8 za kufungia chini, na 4 ndizo zilizofungwa. Mwendeshaji mahakama ilimwachia, ikaona kimbunga kile hakikuweza kutabirika, na mimi sibishani na mahakama. Ila wewe unapanga sherehe bado hujaianza, kwa hiyo fungeni zote.

Kigamboni ufukweni, na kama ni msimu wa kusi, saa nane mchana upepo unakuwa umeshapata nguvu. Waingereza wanaweka mwisho kilomita 38 kwa saa kwa maputo haya. Huna kipimo? Tazama miti midogo yenye majani. Ikianza kuyumba yote, shina na matawi, watoto watoke wote na mashine ya kupulizia izimwe. Usingoje mpaka puto lenyewe lianze kuinua kona. Bora kabisa wekeni michezo ya puto asubuhi, mchana iwe chakula na kasida.

Kufunga: kila tundu la chuma lililoko pembeni ya puto lina kazi, hakuna la urembo. Yahesabu mwenyewe, na yasipungue 6. Kila moja liwe na mambo, yaani kigingi, ndefu ya chuma iliyogongwa kwa kuinamia nje, isiyotikisika ukiipiga teke. Mchanga wa ufukweni haushiki mambo, kwa hiyo sogezeni puto kwenye udongo wenye majani, nyuma ya nyumba kama inawezekana, nyumba iwakinge na bahari. Mifuko ya mchanga ya kubebwa na mtu mmoja haifai kitu, puto likishika upepo litaondoka nayo. Mnazi mmoja nao haufai. Kamba upande mmoja maana yake upande wa pili unafunguka kama mlango.

Jenereta ijazwe mafuta kabla, na mtu mzima mmoja asiyekuwa na kazi nyingine asimame mlangoni pa puto. Watoto waingie kwa rika. Wa miaka 4 na wa miaka 11 wasiwe pamoja, mifupa mingi inavunjika kwa mkubwa kumwangukia mdogo.

Na za Sabasaba, Shangazi, ukifika kwenye bembea ya chuma inama utazame chini inapounganishwa. Vyuma vile vinashikana kwa pini, na kila pini ina kiklipu kidogo cha kuizuia isichomoke. Ukikuta mahali pa pini pametiwa kipande cha nondo au msumari uliokunjwa, shika watoto mkono muende kununua maembe. Ukikuta machozi ya kutu yanatoka kwenye maungio yanachuruzika juu ya rangi mpya, vile vile. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haichezi na chuma.

Shangazi wa Temeke

Marahaba mwanangu. Nimempigia wifi sasa hivi. Mwenye puto anasema matundu yapo kumi ila mambo anazo tano tu, nyingine atakata kwa mchomeleaji wa Tandika. Nimemwambia akizipata ndipo alilete.

Mama Nasri, Coventry

Nimetia saini. Nimemwandikia mwalimu barua pepe kuuliza lile la mtoto anayegoma mlangoni, amejibu kwamba mwalimu mmoja atakaa kila wakati kwenye mkahawa ulio karibu na lango, yeyote anaweza kurudi kwake bila kuulizwa. Tumefanya mazoezi na kiti cha kulia chakula, mimi opareta, nasukuma na kuvuta. Kaka Fundi, bado swali moja dogo: anavaa miwani, aivue au kuna kamba ya kuifunga?

Fundi wa Likoni

Kamba ya kuifunga nyuma ya kichwa, iliyobana, inauzwa kwenye duka la miwani. Bustani nyingine zinakubali miwani yenye kamba, nyingine zinataka ivuliwe iwekwe kabatini, kwa hiyo akifika amuulize opareta kabla hajakaa. Asiitie mfukoni. Miwani iliyoanguka relini ndiyo inayotusimamishia treni, na vioo vyake tunaviokota kwa mkono kimoja kimoja.